Nguo Nyeusi Juu ya Fungu la Mchanga

Walinzi wa hoteli ile walivaa nyeusi, na mimi pia nilivaa nyeusi. Ndiyo maana asubuhi yangu ya kwanza kisiwani mzungu mmoja aliniwekea sanduku lake miguuni, akanitajia namba ya chumba chake. Nililibeba. Lilikuwa na magurudumu, lakini njia ilikuwa ya mchanga na magurudumu hayakusaidia kitu. Nilipolifikisha mlangoni alitaka kunipa kitu mkononi, nikakataa, nikamwambia kwa Kifaransa kwamba mimi si mlinzi, mimi ni mfiwa. Akaona haya, akaomba msamaha mara nyingi, akafunga mlango.

Binti yangu Tania, aliyekuwa akifanya kazi ya kupokea wageni pale, alicheka mpaka akashika meza.

“Papa, nilikuambia ulete shati ya rangi. Moja tu. Hapa watu wanakuja kupumzika.”

“Mimi sikukuja kupumzika. Nilikuja kukuchukua.”

“Bon. Kunywa kwanza dafu.”

Ndivyo ilivyokuwa siku zote nilizokaa kule. Nikitoa neno langu, ananipa kitu cha kunywa.

Neno langu lilikuwa hili. Mke wangu, Fortunée, alikufa kwetu Kisangani, katika nyumba yetu ya Kabondo, na mwaka ulikuwa umeshapita na kuzidi. Siku ya kumzika, dada zake walichana ukanda kutoka kwenye liputa yake nyeusi, ile aliyokuwa akiifunga kiunoni kwenda misa za wafu, wakanifunga ukanda huo mkono wa kushoto. Katika ukoo wao mwanamume aliyefiwa anakaa na kitambaa hicho, na nguo nyeusi, na ndevu bila kunyolewa, mpaka siku ndugu za marehemu watakapompeleka mtoni wao wenyewe. Wanamnyoa, wanamfungua kitambaa, wanakiachia maji, naye anarudi kuwa mtu kama watu. Katikati ya hapo anaruhusiwa kukivua kwa kuoga tu, na lazima akirudishe kabla maji hayajakauka mwilini. Nilishika sheria hiyo. Hata siku za homa niliishika.

Lakini siku hiyo ya kutoa matanga haiwezi kufika kama watoto wa marehemu hawajatimia, na hasa mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza ni Tania. Hakufika kwenye maziko. Alisema pasipoti imekwisha. Baadaye alisema ni msimu wa wageni, kisha akasema mkubwa wake wa kazi amekataa. Dada mkubwa wa mke wangu, Mama Augustine, alisikiliza sababu zote hizo akiwa amekunja mikono, akasema, “Bila Tania hatutoi matanga. Semeki atakaa hivyo hivyo.” Semeki ndilo jina tunalowaita shemeji huko kwetu. Nami nikakaa hivyo hivyo. Ndevu zikafika kifuani. Kwenye kikundi chetu cha maombi watu waliniombea kama mtu anayeombewa atoke gerezani.

Ndipo Tania akatuma tiketi. Si yake. Yangu. “Papa, kuja uone bahari. Umeteseka sana. Kuja upumzike.” Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, maana niliona mlango umefunguliwa: kama mtoto haji, baba atamfuata. Mama Augustine alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege, akanirekebishia kitambaa mkononi, akasema taratibu ili watu wasisikie, “Ukirudi peke yako, semeki, usipite kwangu kunisalimia.”

Karatasi ya ndege niliisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Zamani Fortunée ndiye aliyenisomea kila kitu, barua, dawa, Neno la Mungu. Alipokufa, nilijiandikisha kwenye masomo ya jioni ya parokia, nikakaa kwenye benchi moja na watu wa umri wa wanangu. Kwa hiyo nilipofika kisiwani nilikuwa nimesoma vibao vyote vya njiani, na nilifikiri kwamba mtu aliyesoma vibao vyote hivyo hawezi tena kupotea.

Tania alikuwa na chumba nyuma ya hoteli, upande wa wafanyakazi. Alinipa kitanda chake, yeye akalala kwa rafiki yake. Nilimpa samaki wa kukaushwa niliomletea, akawanusa kwa muda mrefu akiwa amefumba macho, akawafunga tena. Nikafikiri, leo atazungumza. Hakuzungumza. Asubuhi alikuwa mezani na wageni. Mchana wageni wengine walifika na basi. Jioni alikuja na miguu imevimba, akaitia kwenye beseni la maji, akasema, “Kesho, papa.”

Na kesho alinitafutia kitu cha kuona. Alinitia kwenye gari na wageni kwenda kuangalia kobe wakubwa. Kesho yake nyingine, shamba la karafuu na mdalasini, ambako kijana alipanda mnazi akiimba na kila mtu akapiga makofi. Halafu mji wa zamani na milango yake. Watu wote ndani ya gari walivaa kaptula na maua, na mimi nilikaa kiti cha nyuma na nyeusi yangu na ndevu zangu. Bibi mmoja Mbelgiji aliniomba nimbariki. Alifikiri mimi ni mtawa. Nilimbariki, maana kubariki hakumdhuru mtu, lakini moyo wangu ulikuwa unachemka.

Usiku sikusali vizuri. Nilimwambia Mungu, “Umenivusha bara zima ili nione kobe?” Nikaona haya kwa maneno hayo, nikaanza rozari upya.

Ufukweni sikwenda. Nilikuwa nimeapa kwamba sitatia mguu kwenye maji yale mpaka Tania anijibu. Kutoka dirishani nilikuwa naona bahari mara iko karibu na minazi, mara iko mbali kabisa, imeacha matope na wanawake wanaokota vitu. Niliona, lakini sikuuliza. Mtu mwenye hasira anaona vitu vingi na haulizi hata kimoja.

Siku zangu zilipokaribia kwisha, Tania alikuja amekaa tofauti, hana sare.

“Kesho niko na congé, sifanyi kazi,” alisema. “Twende kwenye matumbawe, mimi na wewe tu. Huko hakuna simu, hakuna wageni. Nitakusikiliza.”

“Matumbawe ni nini?”

“Utaona.”

“Utanijibu?”

“Nitakujibu, papa.”

Kwa neno hilo nilikwenda.

Boti ilikuwa ya mtu mmoja aitwaye Makame, mwenye mvi kama mimi, mwenye maneno machache. Alitupeleka mpaka mahali ambapo mchanga mweupe ulitoka katikati ya maji, fungu kubwa, limenyooka kama mgongo wa mnyama aliyelala. Pembeni yake maji yalikuwa na rangi ambazo sikujua majina yake. Makame alitia nanga, Tania akashuka kwanza, akaninyooshea mkono.

“Vua nguo, papa. Kuna miwani ya kuangalia chini. Angalia kwanza, halafu tuseme.”

“Tuseme kwanza.”

“Papa, nimekaa hapa miaka yote hii na hakuna mtu wangu hata mmoja aliyewahi kuona ninachokiona. Angalia kidogo tu. Halafu uliza unachotaka, sitakimbia. Nitakimbilia wapi?” Akanyoosha mkono kuonyesha bahari pande zote.

Nilikubali. Nilisema moyoni: hii ni kuoga, na kuoga kunaruhusiwa. Nilivua shati na suruali, nikabaki na kaptula. Nilifungua kitambaa cha Fortunée, nikakibusu, nikakiweka ndani ya shati, nikakunja shati ndani ya suruali. Ndani ya boti kulikuwa na maji machafu na mafuta ya injini, sikutaka kitambaa kinuke mafuta. Nikapanda juu ya fungu la mchanga, mpaka mahali pa juu kabisa ambapo mchanga ulikuwa mkavu na moto, nikaweka furushi langu, nikaweka viatu juu yake.

Makame alitikisa kichwa. “Mzee, hapo usiache. Maji yanajaa saa hizi.”

Nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka kisiwani. “Rafiki yangu, mimi ni mutu wa maji. Nimezaliwa Yanonge, ku mto. Mchanga ninaujua.”

“Haya, mzee,” alisema.

Na kweli niliujua. Kwetu mto ukishuka, mafungu ya mchanga yanatoka, na wavuvi wanahamia juu yake. Wanajenga vibanda, wanakausha samaki, wanawake wanazaa humo. Mama yangu alinizaa juu ya mchanga wa namna hiyo. Mvua za juu zikianza, mto unapanda kidole kwa kidole, kila asubuhi kijiti ulichochomeka kinakuambia umebaki na nafasi kiasi gani, na mtu anavunja kibanda chake bila haraka, anahama na mkeka wake. Sijawahi kuona mtu wa kwetu aliyeporwa nguo na mto juu ya mchanga mkavu. Ukiweka kitu juu ya mchanga mkavu, umekiweka.

Tania alinivisha miwani na bomba la kupumulia, akanishika mkono, tukaingia mpaka kiunoni. Nikatia uso majini.

Siwezi kuandika yote niliyoona. Kulikuwa na bustani, lakini bustani ya mawe, na mawe yenyewe yalikuwa ya rangi ya embe, ya zambarau, mengine kama ubongo wa ng'ombe, mengine kama pembe za swala. Samaki walipita katikati bila kuniogopa, wadogo, wa manjano na weusi, wamevaa kama watoto wa komunyo ya kwanza. Nilisahau kupumua kwa bomba, nikameza maji ya chumvi, nikatoka nikikohoa, nikarudi tena. Nilimsifu Mungu kwa moyo wote. Kisha nikakasirika. Fortunée alipenda vitu vizuri kuliko mimi. Ni yeye aliyestahili kuona hiki, si mimi, na tena si katika siku zangu za matanga.

Nikasimama, nikavua miwani.

“Bon. Nimeona mawe yako. Sasa jibu.”

“Si mawe, papa. Ni wadudu wadogo. Wako hai. Kila mmoja anajenga nyumba yake juu ya mifupa ya wazazi wake, na mtoto wake atajenga juu ya mifupa yake.”

“Unaona? Hata wadudu wanakaa na wazazi wao.”

“Ndiyo,” alisema. “Na hawatoki tena.”

Nilijua wakati huo kwamba tumefika kwenye jambo lenyewe.

“Siji, papa,” alisema. “Ulitaka jibu. Jibu ni hilo.”

“Sababu?”

“Sababu unaijua.”

“Mimi sijui kitu.”

“Siku ya kutoa matanga, mtoto mwanamke wa kwanza anakalishwa kwenye kiti cha mama yake. Anafungwa liputa ya mama yake mbele ya watu wote, na tangu hapo yeye ndiye mama wa nyumba. Mama mukubwa ameshaniambia kwa simu. Aliniambia, kiti chako kimepigwa msumari upya, na meza ya samaki ya mama yako sokoni inakungojea, hatukuipa mtu. Akaniambia kama mtu anayeleta habari njema. Ulijua au hukujua?”

Nilijua. Nilikuwa pale kiti kilipopigwa msumari. Nilikishika mguu kisitikisike.

“Wadogo zako wanahitaji mutu,” nilisema.

“Wako na wewe.”

“Mimi ni mwanaume.”

“Mwanaume hana mikono ya kutwanga majani ya pondu?”

“Tania, usiseme na mimi hivyo. Nimebeba nyeusi hii mwaka na zaidi kwa ajili yako.”

“Kwa ajili yangu? Ni mimi niliyekufunga? Walikufunga wao. Na wewe unataka nije wakufungue wewe wanifunge mimi.”

Nilimjibu maneno makali. Nilimwambia kwamba mama yake aliuliza jina lake mpaka pumzi ya mwisho, jambo ambalo ni kweli, lakini nilisema kwa nia ya kumuumiza. Akaniambia kwamba mama yake ndiye aliyemwambia asirudi, kila Jumapili kwa simu, kaa huko mwanangu, usirudi kukaa mezani na moshi kama mimi. Nikamwambia ni uongo. Akaniambia nikaulize kaburini. Tulipigizana kelele katikati ya ile bustani ya Mungu kama watu wanaogombania kiti kwenye baleinière, zile boti za abiria za mto wetu, hakuna aliyetaka kumwachia mwingine neno la mwisho.

Ni Makame aliyetukatiza. Alipiga mluzi, akapiga tena. Hapo nilihisi kwamba maji yalikuwa shingoni mwangu, na miguu yangu ilikuwa inasimama kwa vidole. Niligeuka kutazama fungu la mchanga.

Halikuwepo.

Palikuwa na mahali ambapo maji yalikuwa meupe kidogo kuliko maji mengine. Basi.

Sikuamini macho yangu. Nilijikokota kuelekea pale, maji yakinizuia, nikianguka na kuinuka. Nilipofika yalikuwa magotini, na chini ya miguu nilihisi mchanga uleule, bado una joto. Furushi halikuwepo. Kiatu kimoja kilikuwa kinaelea mbali kidogo, kinazunguka. Makame alikuja na boti, akatupandisha, tukazunguka tukitafuta. Kulikuwa na majani meusi ya baharini yaliyotawanyika juu ya maji, na kila jani lilikuwa kitambaa cha Fortunée mpaka tulipolifikia. Nilivuta mengi. Mkono wangu ulijaa majani.

“Nilimwambia mzee,” Makame alimwambia Tania, kwa sauti ya chini, bila ubaya.

“Maji gani haya,” nilisema, “yanayopanda mchana, bila mvua, kwa saa moja?”

“Ndiyo bahari, mzee. Hupwa na kujaa. Kila siku.”

“Kila siku?”

“Kila siku, mara mbili.”

Nilikaa chini ndani ya boti. Tania alinifunika taulo ya hoteli. Jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa mwingi, na nilihisi maji yakikauka mwilini mwangu, kwanza mabega, kisha kifua, kisha mikono. Kitambaa kinarudishwa kabla maji hayajakauka. Nilijimwagia maji mengine kwa kiganja ili niendelee kuwa na maji. Makame alinitazama, akageuza uso. Nilianza Baba Yetu, nikafika katikati, nikasahau mbele. Mwishowe mikono ilikauka, ikabaki na chumvi nyeupe, na pale ambapo kitambaa kilikaa kwa mwaka na zaidi palikuwa na mstari wa ngozi isiyojua jua.

Tulipofika ufukweni Tania alisema, “Nitampigia mama mukubwa. Nitamweleza. Ni ajali tu.”

Alifungua sauti ili nisikie. Nilisimama pembeni na taulo yangu yenye jina la hoteli.

“Allô, mama mukubwa.”

“Nani? Wa kisiwa?”

“Ni mimi Tania.”

“Ah. Leo umeota mdomo. Papa yako iko muzima?”

“Iko muzima. Ila kitambaa kimeenda na maji.”

Nilisikia kuku wa Kabondo na pikipiki ikipita mbele ya nyumba yake.

“Maji gani?”

“Ya bahari.”

“Na yeye alikuwa wapi?”

“Ndani ya maji. Tulikuwa tunaangalia matumbawe.”

“Mulikuwa munaangalia nini?”

“Wadudu, mama mukubwa. Wa chini ya maji.”

“Dada yangu iko ndani ya udongo,” alisema Mama Augustine, “na semeki yangu anaangalia wadudu. Mupe simu.”

Niliishika kwa mikono miwili.

“Semeki, nisikilize. Nilikiweka juu ya mchanga, pahali pa kukauka, pa juu kabisa, kama tunafanya ku mto.”

“Na mchanga ulienda wapi?”

“Maji ilipanda.”

“Mvua ilinyesha?”

“Hapana. Huku maji inapanda yenyewe. Inapanda na kushuka kila siku. Kwa saa moja inafunika mchanga wote.”

Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulinitisha kuliko matusi.

“Zacharie, mimi na wewe tumezaliwa Yanonge. Baba yangu alikuwa mvuvi. Nidanganye kuhusu pesa, nidanganye kuhusu wanawake. Kuhusu maji usinidanganye.”

“Tania ameona kwa macho yake.”

“Donc alete hayo macho hapa. Mutu anaapa akisimama mbele ya watu. Simu haiapi.”

Akakata.

Tania alitaka kucheka, nadhani, kwa sababu mdomo wake ulianza. Kisha akanitazama nikiwa na kiatu kimoja mkononi.

“Hatakuamini?”

“Hata mimi nisingeamini. Wewe ungekuwa Kabondo, mutu akakuambia hivyo, ungeamini?”

Akafikiri. “Hapana.”

“Watasema nilijivua matanga mwenyewe ili niogelee na wazungu. Hakuna atakayenipeleka mtoni. Huwezi kuachia maji kitambaa ambacho hakipo. Nitazikwa na ndevu hizi.”

Alikaa kwenye mchanga, mimi nikakaa pembeni yake. Wageni walipita na mpira. Bahari ilikuwa imefika karibu na miguu yetu, imetulia, kama haijachukua kitu cha mtu.

“Nikija kuapa,” alisema, “wataniacha nirudi?”

Hilo ndilo neno nililolitafuta siku zote zile, na sasa lilikuwa limefika. Ningeweza kusema ndiyo, njoo tu, tutaona huko. Akishafika Kabondo, akishakalishwa, nani angemwinua? Nilifumba macho nikamwomba Mungu aniruhusu kusema hivyo. Nilimwomba kwa bidii. Nilimkumbusha juu ya wadogo zake, juu ya meza ya sokoni, juu ya nyumba isiyo na sauti ya mwanamke. Hakuniruhusu. Kila nilipojaribu kusema, niliona mkono wangu umeshika mguu wa kile kiti.

“Nitawaambia mimi,” nilisema.

“Utawaambia nini?”

“Kwamba umekuja kama shahidi. Si kama mama yao.”

“Mbele ya mama mukubwa?”

“Mbele yake.”

“Papa, wewe hujawahi kumjibu mama mukubwa hata siku moja.”

Ilikuwa kweli.

Aliomba ruhusa kazini, wakamnung'unikia, wakampa. Nilivaa nyeusi zangu za akiba, mkono wa kushoto mtupu. Njia nzima ndani ya ndege nilirudia maneno yangu kama mtoto anayekariri somo, na kila niliporudia yalipungua, mpaka tuliposhuka Bangboka, uwanja wa ndege wa kwetu, nilikuwa na maneno mawili au matatu tu.

Mama Augustine alikuwa mlangoni na wanawake wa ukoo. Hakunisalimia. Alishika mkono wangu wa kushoto, akaupandisha mkono wa shati, akaugeuza kwenye mwanga, akatazama ule mstari mweupe. Kisha akamtazama Tania kuanzia viatu mpaka nywele.

“Maji inapanda kwa saa moja, bila mvua?”

“Inapanda, mama mukubwa. Kila siku mara mbili. Alikiweka pahali pa juu. Mwenye boti alimkataza, papa akamjibu yeye ni mutu wa maji.”

Wanawake wakatazamana. Mmoja akaguna. “Hapo ni Zacharie kabisa,” alisema. “Hilo siyo uongo.”

“Apa,” alisema Mama Augustine.

“Naapa kwa jina la marehemu mama yangu.”

Alikuwa hajawahi kusema marehemu. Nililisikia neno hilo likimtoka na nikaona limemshangaza yeye mwenyewe. Akakaa juu ya sanduku lake, akalia pale mlangoni, kati ya watu wa pikipiki na wabeba mizigo, kilio cha mwaka mzima. Wanawake wakamlilia pamoja. Mimi pia nililia.

Ndipo Mama Augustine akafungua mfuko wa plastiki aliokuwa ameushika kwapani. Akatoa liputa ya Fortunée, ile ya bluu ya sokoni, imepigwa pasi, imekunjwa. Akaikunjua na kuiinua juu ya mabega ya Tania.

Nilisimama katikati.

“Semeki,” nilisema, “huyu amekuja kuapa. Matanga yakitoka, anarudi kazini.”

“Nani amesema?”

“Mimi.”

“Na kiti? Na meza ya dada yangu? Na watoto?”

Maneno mengine yote niliyokariri yalikuwa yamekimbia. Nikanyoosha mikono, nikashika ncha ya liputa.

“Nipe mimi.”

“Hii siyo nguo ya mwanaume, Zacharie.”

“Najua. Nipe.”

Alivuta. Nikavuta. Mwenye pikipiki mmoja akauliza kama tunakwenda mjini au tunabaki. Chini ya kile kitambaa, kilichotandazwa kati yetu kama kivuli, Tania aliinua uso wake uliolowa akanitazama, kuona kama nitaachia.

Mama Augustine hakunipa. Na mimi sikuachia.